Darubini ya mwezi: kuifunga bila kuliminya bomba lake

Jioni ya ishirini na tisa Shaabani, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa watu kama kumi na watano juu ya paa la nyumba ya ghorofa nne hapa kisiwani Mombasa, nyuso zetu zimeelekea bara. Wageni hudhani sisi watu wa pwani tunautafuta mwezi mwandamo juu ya bahari. Sivyo. Bahari yetu iko mashariki. Hilali tunaitafuta upande jua linakozama, juu ya minazi, minara ya simu na mawingu yanayopenda kujikusanya upande wa Shimba Hills.

Safari hiyo tulikuwa na darubini. Ilikuwa zawadi ya ndugu zetu walioko ng'ambo, ya lenzi ya milimita 80, mpya kabisa. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye nguvu na nia njema, ndiye aliyeifunga juu ya stendi yake mchana ule. Alipoona bomba linateleza kidogo ndani ya pete zake, alichukua plaisi akazikaza mpaka zikalia. Nilipofika alinipokea kwa furaha, "Fundi, leo haiendi popote hii."

Kweli haikwenda popote. Jua lilipozama tukaanza kutafuta. Darubini ndogo ya kulengea, ile inayokaa mgongoni mwa kubwa, ilikuwa inatuonyesha mnara wa simu wakati kubwa yenyewe inatazama wingu. Tukaona tujaribu kwanza kwa Zuhura, ambayo ilikuwa inang'aa wazi wazi. Tulipoipata, haikuwa nukta wala kiduara. Ilikuwa na pembe tatu, kama sambusa. Kila mtu akachungulia, kila mtu akatoa maoni yake, na dakika zikawa zinakwenda. Tukiwa bado tunasukumana pale, mzee mmoja kwenye paa la nyumba ya pili, asiye na chombo chochote ila kofia na bakora yake, akanyoosha mkono: "Ule pale!" Alikuwa ameuona kwa macho matupu. Sisi wenye darubini tulikuwa wa mwisho kuuona.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na watu wa misikiti na vijana wa mitaa mingi namna ya kufunga darubini isiharibike. Naandika hapa nisirudie kwa kila mmoja. Iwapo ushahidi wa darubini unakubalika au lazima iwe kwa jicho tupu, hilo si langu, nawaachia masheikh. Langu ni bomba, pete na skrubu.

Nilikojifunzia

Kabla ya kurudi nyumbani na kufungua karakana yangu ya miwani na kamera, nilifanya kazi Muscat kwa miaka saba kwenye duka la vifaa vya kulenga shabaha. Kazi yangu kubwa ilikuwa moja: kufunga darubini juu ya bunduki. Mteja anakuja na bunduki yake iliyosajiliwa na darubini aliyoinunua kwa pesa nyingi, anataka vitoke vimeshikana kama kitu kimoja. Huku kwetu Kenya jambo hilo ni la watu wachache sana. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki bila leseni ni jela. Lakini bomba ni bomba. Makosa niliyoyaona Muscat ndiyo yale yale niliyoyaona juu ya paa lile, na ukielewa darubini ya bunduki, ya mwezi haitakushinda.

Kwa hivyo nianze na ya bunduki. Bomba lake kwa kawaida lina upana wa milimita 25.4, yaani inchi moja, au milimita 30. Limechongwa kwa alumini, na ukuta wake ni mwembamba kuliko mtu anavyodhani akilishika. Ndani yake kuna bomba jingine dogo linaloshikilia lenzi za kati, limesukumwa na springi. Ukizungusha vile vifundo vya juu na pembeni, ndilo hilo bomba dogo linalosogea, na ndiyo maana alama ya kulengea inahama. Humo ndani wametoa hewa ya kawaida na kujaza gesi kavu ya naitrojeni ili lenzi zisipate ukungu, na mipira myembamba huizuia gesi hiyo isitoke.

Sasa mtu akikaza pete kupita kiasi, bomba la nje linabonyea ndani kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Bomba la ndani linakosa nafasi. Unazungusha kifundo, kinalia tik tik vizuri tu, lakini alama haisogei, au inasogea ghafla baada ya risasi ya tatu. Mteja anarudi dukani kwa hasira akisema darubini ni feki. Nilikuwa nafungua pete na kumwonyesha duara mbili zilizochorwa kwenye rangi, mahali pete ziliuma. Darubini ilikuwa nzima, mpaka alipoifunga yeye.

Watengenezaji wengi wa pete za bunduki wanasema skrubu za pete zikazwe kwa nguvu ya kama nyutoni-mita 1.7 mpaka 2. Namba hiyo haimwambii mtu kitu, basi nieleze hivi. Chukua ufunguo wa pembe sita wenye mkono wa sentimita 10, uweke kwenye skrubu ukiwa umelala sawa, kisha ning'iniza pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye ncha yake. Uzito huo ndio nyutoni-mita 2. Hakuna haja ya zaidi ya hapo. Mkono wa mwanamume mzima ukishika plaisi huzidisha hapo mara kadhaa bila yeye kuhisi.

Na hiyo ni bunduki, yenye kishindo kinachojaribu kuing'oa darubini kila risasi inapotoka. Darubini ya mwezi haina kishindo. Kazi ya pete zake ni kuzuia uzito wa bomba lisiteleze, basi.

Kwa nini la mwezi huumia upesi zaidi

Bomba la darubini ya mwezi ni pana, na ukuta wake ni bati jembamba la alumini au chuma. Kopo la soda na kijiti cha kalamu vyote ni mviringo, lakini jaribu kuviminya kwa vidole uone kipi kinakubali mwanzo. Kadiri bomba linavyokuwa pana kwa ukuta ule ule, ndivyo linavyogeuka yai kwa urahisi.

Likigeuka yai, matokeo yanategemea aina. Darubini ya lenzi, kama ile yetu, ina vipande viwili vya kioo mbele, vimekaa ndani ya kikombe chao kwa nafasi ndogo mno. Pete ikibana karibu na kikombe hicho, mbano unafika kwenye kioo. Kioo kikibanwa sehemu tatu, nyota inatoka na pembe tatu. Ndiyo ile sambusa yetu. Darubini ya kioo cha kujitazamia, ambayo bomba lake ni fupi na nene na unachungulia kwa ubavuni, ina kioo kikubwa chini na kidogo juu, na viwili hivyo lazima vitazamane sawasawa. Bomba likipinda kidogo, kutazamana kunaharibika, na hilali inayotakiwa kuwa wembe inatoka kama imepakwa mafuta.

Kuna namna ya pili ya kuliumiza bomba, na hii huwapata hata wenye mikono laini: pete mbili zisizolingana. Moja ikiwa juu kidogo kuliko nyingine, au imekaa upande, basi ukizikaza hata kwa upole bomba linalazimika kujikunja lizifuate. Muscat tulikuwa na fimbo ya chuma iliyonyooka, yenye upana ule ule wa bomba. Tunaiweka kwanza ndani ya pete, tunapaka unga wa kusagia na kuisugua mbele na nyuma mpaka pete zote mbili ziiguse sawa. Ndipo darubini inaingia. Ilikuwa kazi ya nusu saa ambayo mteja haioni na hapendi kuilipia.

Kwa darubini ya mwezi huhitaji kusaga kitu. Pete zote mbili kwa kawaida zimefungwa kwenye upau mmoja wa chuma, ule unaoingia kwenye stendi. Legeza skrubu zinazoshika pete kwenye upau, laza bomba ndani ya pete zikiwa wazi, liache lijikalie lenyewe, halafu kaza zile za upau bomba likiwa limo. Pete zitakuwa zimefuata bomba, badala ya bomba kufuata pete. Mtu akinishika shati na kuniambia nimpe neno moja tu kuhusu kufunga darubini, nitampa hilo.

Kazi yenyewe

Ifanyie chumbani, kitandani au juu ya mkeka, mchana, siku moja kabla. Paa si mahali pa kazi hii. Skrubu moja ikidondoka kutoka ghorofa ya nne umeipoteza, na giza likiingia mtu hukaza kwa wasiwasi. Kila bomba lililopondeka nililoletewa lilifungwa kwa haraka.

Angalia kwanza ndani ya pete. Nyingi huja na utepe wa kitambaa kinene kilichogandamizwa, jamii ya kile cha tarbushi. Kitambaa hicho ndicho kinachozuia bomba kuteleza, kwa sababu kinaligusa pande zote. Kikiwa kimetoka, kimelowa mafuta au kimeliwa na mende, bomba litateleza, na hapo ndipo mtu hukimbilia plaisi. Badilisha kitambaa. Tarbushi kuukuu ikikatwa vipande inafaa kabisa, nimewahi kuitumia ya marehemu babu yangu na nadhani asingekasirika. Gundi ya mpira ya fundi viatu inashika vizuri. Wengine hutumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Unashika sana, kwa dharura sawa, lakini joto letu huufanya uache weusi kwenye rangi. Usiweke utepe wa fundi umeme. Ule kwa joto la Mombasa unayeyuka, gundi yake inatoka, na badala ya kushika unakuwa kilainishi.

Kisha chagua mahali pa pete. Isikae yoyote karibu na lenzi ya mbele, wala karibu na sehemu ya nyuma yenye gurudumu la kusawazisha picha. Bomba katikati ni la kubebea, ncha zake ni za kazi nyeti. Mimi huacha baina ya pete mbili nafasi ya kama thuluthi ya urefu wa bomba. Zikikaribiana mno darubini inatikisika kwa upepo, na paani upepo haukosi, hasa wakati wa kusi.

Usikaze bado. Weka kila kitu kitakachokuwamo usiku: lenzi ya kuchungulia, darubini ndogo ya kulengea, na kile kioo cha kupindisha picha kama unacho. Halafu shika upau katikati uone inaelemea wapi. Sogeza bomba mbele au nyuma mpaka litulie kama mizani ya duka. Watu wengi huruka hatua hii, na matokeo yake ni kwamba darubini inainamisha kichwa kila ikiachiwa. Wanadhani pete zimelegea, wanakaza. Kumbe pete hazina kosa lolote.

Sasa kaza, kwa vidole. Pete za darubini ya mwezi nyingi zina kifundo kimoja kikubwa cha plastiki, na kifundo hicho kimetengenezwa kiwe cha vidole kwa sababu. Kaza cha mbele kidogo, cha nyuma kidogo, rudi cha mbele. Kama pete zako ni za skrubu mbili mbili kama za bunduki, hakikisha mwanya wa kulia na wa kushoto baina ya nusu ya juu na nusu ya chini unalingana. Ukikaza upande mmoja mpaka ufunge kisha ukahamia wa pili, pete inalizungusha bomba na kulikwaruza. Mwanya usizibe kabisa. Watu huuona wakadhani kazi haijaisha, lakini nafasi ile ndiyo inayofanya pete ishike. Wala usipake mafuta kwenye skrubu za pete za bunduki ukitaka kufuata ile namba ya unga wa kilo mbili, kwa sababu skrubu yenye mafuta hubana zaidi kwa nguvu ile ile.

Jaribio ni hili. Inua mdomo wa darubini uelekee juu kabisa. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa pete, kwenye bomba, uende ukanywe kahawa. Ukirudi karatasi ikiwa bado inagusa pete, umemaliza. Ikiwa imeachana, ongeza kitambaa, kisha jaribu tena kwa vidole. Nguvu iongezwe mwisho kabisa, na iwe robo ya mzunguko.

Ile ndogo ya kulengea

Hii watu huidharau, nayo ndiyo iliyotupotezea mwezi usiku ule. Utaona imeandikwa 6x30: inakuza mara sita na lenzi yake ya mbele ni ya milimita 30. Picha yake ni pana, kwa hivyo ndiyo inayotafuta. Kubwa inaona kipande kidogo tu cha mbingu. Zikiwa hazitazami mahali pamoja, umebeba mzigo bure.

Kwa umbo na ukubwa, hii ni ndugu kabisa wa darubini ya bunduki, na huumia vivyo hivyo. Kwa kawaida inashikwa na skrubu tatu zinazolizunguka bomba kama vidole vitatu. Ncha ya skrubu ikiwa chuma kitupu, inachimba shimo kwenye alumini, na kila ukirekebisha skrubu inarudi kuteleza ndani ya shimo lile lile. Kama ncha zako si za nailoni, weka baina ya skrubu na bomba kipande kidogo cha plastiki ngumu, hata cha kifuniko cha ndoo.

Kuilenganisha, fanya mchana. Elekeza darubini kubwa kwenye kitu kilicho mbali, kilomita moja au zaidi, kama ncha ya mnara wa msikiti au taa ya mnara wa simu. Kiweke katikati kabisa, funga stendi isisogee. Halafu chungulia ile ndogo na urekebishe mpaka msalaba wake uangukie pale pale. Kanuni ni kwamba ukitaka kukaza skrubu moja, mwanzo legeza nyingine iliyo mkabala wake. Anayekaza tatu zote kwa pamoja ndiye anayeliponda bomba. Mtu mwenye subira humaliza kwa dakika kumi.

Jua

Hapa nataka kila anayesoma anisikilize, hasa wenye watoto. Tunautafuta mwezi upande jua linakozama, na mara nyingi tunafika paani kabla halijazama. Darubini ikielekezwa kwenye jua, hata jua jekundu la magharibi, inakusanya mwanga wote kwenye jicho. Jicho linaungua papo hapo, bila maumivu ya kukuonya, na haliponi. Ile ndogo ya kulengea nayo inaunguza vile vile. Vifuniko vya mbele vya zote mbili visitolewe mpaka ukingo wa mwisho wa jua umepotea, na mtu mzima asimame karibu na darubini muda wote huo. Miwani myeusi haisaidii kitu.

Dakika ulizonazo

Sababu ya haya yote kufanywa siku moja kabla ni hesabu ndogo. Mbingu inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Sisi tuko karibu na ikweta, jua na mwezi vinashuka karibu wima. Hilali iliyo nyuzi nane juu ya upeo wakati jua linazama itakuwa imezama yenyewe baada ya kama dakika 32. Dakika za mwanzo mbingu bado ina mwanga mwingi, huioni. Dakika za mwisho imeingia kwenye vumbi na mawingu ya chini. Katikati hapo labda una robo saa ya kweli. Sisi robo saa yetu tuliitumia kutazama sambusa.

Na isidhaniwe kuwa darubini inaumba mwezi usiokuwapo. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi saba hivi, hilali haijitokezi kwa mtazamaji hata kidogo. Angalia hesabu za siku hiyo kabla hujawapandisha wazee ngazi za ghorofa nne.

Chumvi

Hewa yetu inakula vyuma, kila mwenye pikipiki anajua. Kwenye darubini ubaya wake hujificha. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa ndani ya alumini kwa mwaka mmoja hewa ya chumvi ikipita, viwili hivyo vinashikana kama vimechomelewa. Mtu anakuja kufungua, haifunguki, anatia nguvu, meno ya alumini yanakufa au pete inapasuka. Kwa darubini ya mwezi, ambayo haina haja ya vipimo vikali vya kukaza, paka grisi kidogo kama ya ncha ya kiberiti kwenye meno ya skrubu, na uzifungue na kuzifunga mara moja kila miezi michache. Grisi isiguse kitambaa.

Ukishuka paani futa bomba na pete kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, kisha kikavu. Lenzi usizifute kwa kanzu. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Ihifadhi ndani ya sanduku linalofunga pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu unyevu wetu huotesha kuvu juu ya kioo, na kuvu ikishauma kioo alama yake haitoki.

Ikiwa limeshaumia

Usigonge. Hilo ndilo la kwanza, na nalisema kwa sababu nimeletewa bomba lililonyooshwa kwa nyundo na kipande cha mti wa mkoko. Legeza pete zote mpaka bomba liwe huru, uiache usiku mmoja. Kesho yake elekeza kwenye nyota angavu na uzungushe gurudumu mpaka nyota ivimbe iwe kiduara cha mwanga. Kiduara kikiwa mviringo, umepona, mbano ulikuwa wa pete tu. Kikibaki na pembe, kikombe cha lenzi bado kimebanwa.

Pondo dogo katikati ya bomba, lisilofika kwenye njia ya mwanga, ni aibu tu, haliharibu picha. Lile kubwa linaweza kusukumwa kutoka ndani kwa gogo la mti lililochongwa mviringo na seremala, lakini lenzi ziwe zimetolewa na mtu anayejua. Vipande viwili vya kioo cha mbele vina mpangilio wao na visigino vidogo baina yake. Ukivigeuza au ukapoteza kisigino kimoja, umenunua mapambo ya sebuleni. Darubini ya bunduki, au ile ya kulengea iliyojazwa gesi, usiifungue kabisa. Gesi ikitoka hairudi kwa mdomo wako.

Ile ya kwetu ilirudi. Nililegeza pete usiku ule ule paani, watu wakiwa wameshashuka kwenda kuswali na kupiga simu, na yule kijana akinishikia tochi ya simu yake. Zuhura ilikuwa bado juu kidogo. Alichungulia, akanyamaza, kisha akasema, "Ami, imekuwa duara." Mistari miwili ya pete bado iko kwenye rangi ya bomba, mmoja karibu mno na lenzi. Plaisi nilimwambia abaki nayo kwa pikipiki yake. Siku hizi yeye ndiye anayeifunga, siku ya ishirini na nane baada ya alasiri, juu ya mkeka wa mama yake, na sanduku analirudisha kwangu akiwa ameweka vifuko vipya vya viatu ndani.